Kukusanya Sarafu Adimu za Kale na Kuzinunua Mnadani

Mtu anayeanza kukusanya sarafu za kale mara nyingi huuona mnada kuwa ndiyo kazi yenyewe: ukumbi uliojaa watu, au skrini yenye saa inayohesabu sekunde, na dau linalopanda. Kumbe mnada ni dakika chache tu. Sarafu inayofaa kununuliwa, bei inayostahili kulipwa, na sababu za kuiachia iende kwa mwingine ni mambo yanayoamuliwa kabla mnadishaji hajashika nyundo, na asiyeyaamua mapema ataamuliwa na joto la ushindani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu maandalizi, na siku ya mnada imepewa nafasi ndogo kuliko wengi wanavyotarajia.

Hatua ya kwanza: chagua eneo moja na ulisome

Usianze kwa kununua kila sarafu ya zamani inayokupendeza. Chagua eneo lenye mipaka, kwa mfano sarafu za mtawala mmoja, za kiwanda kimoja cha sarafu, au za aina moja kwa miaka yote iliyotolewa, kisha usome vitabu na katalogi zake mpaka uweze kutambua kwa macho ni ipi ya kawaida na ipi si ya kawaida. Fedha za kwanza zitumike kununua vitabu, na mimi naliona hilo kuwa sharti, wala si ushauri wa hiari.

Jambo la kwanza litakalobadilika kichwani mwako ni uhusiano kati ya umri na uadimu. Sarafu ndogo za shaba za Roma za karne ya 4, za enzi za Konstantino na wanawe, zina zaidi ya miaka 1,600, lakini zilipigwa chapa kwa wingi mno na bado zinafukuliwa ardhini kwa mafungu makubwa, hivyo nyingi kati yake hupatikana kwa bei ndogo. Dola 20 ya dhahabu ya Marekani ya mwaka 1933 haijatimiza hata karne moja. Zilipigwa 445,500, lakini serikali ilikuwa imeondoa dhahabu katika mzunguko, na karibu zote zikayeyushwa. Kwa muda mrefu ni moja tu iliyokuwa ikitambuliwa kuwa halali kumilikiwa na mtu binafsi. Uadimu hupimwa kwa idadi iliyosalia ikilinganishwa na idadi ya watu wanaoitafuta, na umri peke yake hauongezi kitu.

Pia idadi iliyotengenezwa si sawa na idadi iliyosalia. Chini ya sheria ya mwaka 1918 Marekani iliyeyusha zaidi ya dola milioni 270 za fedha, na hakuna orodha inayoeleza kwa usahihi ni za miaka gani. Kinyume chake nacho kimewahi kutokea. Dola ya Morgan, aina ya dola ya fedha ya Marekani, ya mwaka 1903 kutoka kiwanda cha New Orleans ilihesabiwa kwa miongo mingi kuwa miongoni mwa zilizo adimu kabisa, mpaka hazina ya serikali ilipofungua mifuko iliyokuwa imehifadhiwa ghalani mwaka 1962 na bei yake ikaporomoka mara moja. Kabla ya kulipia uadimu, uliza kama kuna uwezekano wa fungu jingine kujitokeza, hasa kwa sarafu zinazotoka ardhini.

Mwaka ulioandikwa juu ya sarafu nao usiuchukue kijuujuu. Riale ya Maria Theresa, sarafu ya fedha yenye sura ya malkia wa Austria, ina mwaka 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kupigwa kwa mwaka huohuo Vienna na kwingineko kwa karne mbili zilizofuata kwa sababu wafanyabiashara waliizoea na hawakukubali nyingine. Dola ya Marekani ya mwaka 1804 inastaajabisha zaidi: hakuna hata moja kati ya zinazojulikana leo iliyopigwa mwaka huo. Za kwanza zilitengenezwa miaka ya 1834 na 1835 kuwa zawadi za kidiplomasia, na mmoja wa waliopelekewa alikuwa Sayyid Said, Sultani wa Muscat, yuleyule aliyehamishia makao yake Zanzibar.

Hatua ya pili: pata vifaa na ujizoeze kuvitumia

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Nunua kioo cha kukuzia chenye nguvu ya mara tano hadi kumi, mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kalipa ya kupimia kipenyo na unene, sumaku yenye nguvu, na taa moja ya mezani inayoweza kusogezwa. Kioo chenye nguvu kubwa zaidi ya hapo kitakuonyesha mikwaruzo ambayo haina maana yoyote na kukupotezea sura nzima ya sarafu.

Sarafu ishikwe kwa ukingo, kati ya kidole gumba na cha shahada, juu ya kitambaa laini, kwa mikono iliyooshwa na kukaushwa. Alama ya kidole iliyobaki kwenye uso wa sarafu ya shaba isiyotumika inaweza kuchora doa la kudumu, na doa hilo litaonekana katika kila mnada utakaofuata.

Pima sarafu za kawaida unazozijua kuwa halali, ili mikono yako izoee vipimo sahihi. Pauni ya dhahabu ya Uingereza, iliyotolewa tangu 1817, ina uzito wa gramu 7.98 na kipenyo cha milimita 22.05. Dola ya Morgan ina gramu 26.73 na milimita 38.1. Riale ya Maria Theresa ina gramu 28.07. Sarafu iliyotumika sana itapungua kidogo, lakini haiwezi kuzidi uzito wake rasmi kwa kiasi kinachoonekana, na ikizidi weka shaka. Dhahabu na fedha hazivutwi na sumaku, kwa hiyo sarafu inayonasa ina chuma ndani yake. Isiponasa, bado hujathibitisha chochote, maana risasi na shaba nazo hazinasi.

Kipimo chenye nguvu zaidi ni cha msongamano. Pima uzito wa sarafu hewani, kisha uipime ikiwa imening'inizwa kwa uzi mwembamba ndani ya maji bila kugusa chombo, halafu gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya vipimo hivyo viwili. Fedha ya asilimia 90 iliyochanganywa na shaba hutoa takriban 10.3, na dhahabu ya karati 22 hutoa kati ya 17 na 18. Kipimo hiki usikifanye kwa sarafu iliyo ndani ya kasha wala kwa mali ya mtu mwingine bila idhini yake.

Hatua ya tatu: jifunze kusoma hali ya sarafu

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, na hapa ndipo mkusanyaji anapaswa kukaa muda mrefu kuliko hatua nyingine zote. Sarafu mbili za mwaka mmoja na kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana bei mara kumi au zaidi kwa sababu ya hali tu.

Kipimo kinachotumika zaidi kwa sarafu za karne za karibuni kilitungwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani. Kinaanzia 1, yaani sarafu iliyolika hadi ikabaki kutambulika kwa shida, na kuishia 70, yaani isiyo na dosari inayoonekana. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambazo hazikuwahi kutumika. Kwa sarafu za kale za Wayunani na Warumi wakusanyaji hutazama zaidi mambo mengine: kama picha imekaa katikati, kama mapigo yalikuwa na nguvu, kama uso umeliwa na udongo, na kama mchongaji alikuwa hodari.

Ili kuuona mng'ao wa asili, zima taa za chumba, acha ya mezani peke yake, na uinamishe sarafu polepole chini ya mwanga huku ukiizungusha. Sarafu isiyotumika wala kusuguliwa huonyesha ukanda wa mwanga unaotoka katikati na kuzunguka uso mzima bila kukatika, kwa sababu metali ilisukumwa kutoka katikati kuelekea ukingoni wakati wa kupigwa na kuacha mifereji midogo isiyoonekana kwa macho. Sasa tazama sehemu zilizoinuka kuliko nyingine, kama vile nywele zilizo juu ya sikio, shavu, na kifua cha ndege. Ukanda wa mwanga ukififia hapo tu na kuendelea kwingine, sarafu imepita mikononi mwa watu kidogo. Ukikosekana kila mahali, na badala yake uso ukang'aa kwa namna moja iliyokufa huku kukiwa na mikwaruzo myembamba inayoelekea upande mmoja, sarafu hiyo imesafishwa, na hakuna njia ya kuirudisha ilivyokuwa.

Kwa hiyo usisafishe sarafu. Rangi ya kijivu, ya bluu au ya kahawia inayojijenga juu ya fedha na shaba kwa miaka mingi ni sehemu ya thamani yake, na mwenye kuisugua kwa dawa ya meno au kitambaa huwa ameiondolea mnunuzi wake mkubwa.

Tafuta pia dosari zilizofichwa: tundu lililozibwa, ukingo uliotengenezwa upya mahali palipokuwa na kishikizo cha kidani, na nywele au herufi zilizochongwa upya ili zionekane kali. Mahali palipochongwa upya, mstari huwa mkali kuliko majirani wake na huzungukwa na uwanja uliolainishwa kupita kiasi.

Hatua ya nne: zijue bandia

Sarafu ya kumiminwa katika kalibu huwa na vijishimo vidogo vya hewa, herufi zenye mabega ya mviringo, na mara nyingine mstari wa kiungo unaozunguka ukingo. Watu wengi hawaangalii ukingo kabisa, ingawa ndio uliobuniwa kuwa ulinzi. Mifereji na maandishi viliwekwa hapo ili mtu aliyepunguza metali kwa mkasi aonekane mara moja. Riale ya Maria Theresa, kwa mfano, ina maneno ya Kilatini yanayotaja haki na huruma, na maandishi hayo yakiwa yamefifia au hayapo, iweke kando.

Bandia zilizopigwa kwa mashine ni ngumu zaidi. Dalili yake nzuri ni alama zinazojirudia: ukikuta kovu lilelile, mahali palepale, katika sarafu mbili zinazouzwa na watu tofauti, ujue kwamba kovu hilo lilikuwa kwenye sarafu ya mfano iliyonakiliwa. Aina nyingine ni sarafu halali iliyobadilishwa. Dola ya Morgan ya mwaka 1893 kutoka kiwanda cha San Francisco ilitolewa 100,000 tu, na wadanganyifu hubandika herufi S, alama ya kiwanda hicho, kwenye dola ya mwaka huohuo kutoka Philadelphia. Wanaojua huangalia neno LIBERTY lililo juu ya paji la uso: ndani ya herufi T ya sarafu halisi kuna kijimstari cha mshazari kilichoinuka, kilichoachwa na muhuri wa kupigia chapa. Kila sarafu ghali katika eneo lako ina alama za namna hii, na kazi yako ni kuzijua kwa moyo.

Kampuni za uthibitishaji kama PCGS, iliyofungua milango mwaka 1986, na NGC, iliyofuata mwaka 1987, huchunguza sarafu, huipa daraja, na kuifungia katika kasha la plastiki lenye namba. Kasha husaidia sana, lakini makasha nayo hughushiwa. Ingiza namba kwenye tovuti ya kampuni husika na ulinganishe picha yao na sarafu iliyo mbele yako, doa kwa doa. Daraja lililoandikwa ni maoni ya watu walioitazama kwa muda mfupi, na wewe unanunua sarafu, hununui karatasi.

Hatua ya tano: dai historia ya umiliki

Sarafu ya kale ambayo haijulikani ilikotoka ni mzigo wa kisheria, hata kama ni halisi kabisa. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unapinga usafirishaji na uuzaji haramu wa mali za kitamaduni, na nchi nyingi zina sheria zinazofanya kila kitu kinachofukuliwa kuwa mali ya umma. Sarafu ya dhahabu ya Brutus, Mrumi aliyeshiriki kumuua Julius Caesar, inayokumbusha mauaji hayo, yenye majambia mawili na kofia, iliuzwa London mwaka 2020 kwa bei iliyotikisa soko zima. Uchunguzi ulionyesha kwamba historia yake ilikuwa ya kughushi, na mwaka 2023 ikarudishwa Ugiriki. Vivyo hivyo sarafu kumi za dola 20 za dhahabu za mwaka 1933 zilizojitokeza katika kasha la familia moja zilichukuliwa na serikali ya Marekani bila fidia, baada ya kesi iliyodumu miaka mingi.

Omba risiti za zamani, kurasa za katalogi za minada iliyopita, vibali vya kutoka nchini, na picha. Linganisha picha hizo na sarafu yenyewe, kwani sarafu zilizopigwa kwa mkono hazifanani na zinatambulika kama uso wa mtu. Muuzaji akikujibu tu kwamba inatoka katika mkusanyiko wa zamani, bila jina, mwaka wala karatasi, hajakujibu.

Hatua ya sita: soma katalogi na masharti, kisha ukaione sarafu

Kila kinachouzwa mnadani huitwa fungu na huwa na namba yake. Soma maelezo ya fungu neno kwa neno. Maneno kama "uso umefanyiwa kazi", "kutoka kidani" au "inauzwa kama ilivyo" yamewekwa kwa uangalifu, na mnunuzi aliyeyaruka hana wa kumlalamikia. Mafungu yenye sarafu nyingi kwa kawaida hayarudishwi.

Katika masharti tafuta majibu ya maswali haya: kamisheni ya mnunuzi, yaani ada anayoongezewa juu ya dau lililoshinda, ni asilimia ngapi, kama muuzaji ameweka kwa siri bei ambayo chini yake hauzi, kama nyumba ya mnada inaruhusiwa kutoa dau kwa niaba ya muuzaji hadi kufikia bei hiyo, dhamana ya uhalisi inadumu muda gani, na ni nani anayebeba bima sarafu ikiwa njiani.

Nenda kwenye siku za maonyesho kabla ya mnada, ukiwa na kioo chako. Usipoweza kwenda, omba picha za ziada, pamoja na za ukingo na video ya sarafu ikiinamishwa chini ya mwanga, au mlipe mtaalamu unayemwamini akuangalilie. Picha moja ya katalogi iliyopigwa kwa mwanga wa moja kwa moja huficha mikwaruzo yote niliyoieleza hapo juu.

Hatua ya saba: piga hesabu ya kikomo chako

Chukua matokeo ya minada iliyopita ya sarafu ileile katika hali ileile, angalau matano kama yapo, na uangalie kama bei zilizoandikwa zina kamisheni ndani yake au hazina. Kuchanganya aina hizo mbili kutakupa picha ya uongo. Kadirio lililo kwenye katalogi lisikuongoze, maana mara nyingi huwekwa chini kwa makusudi ili kuvuta watu.

Mfano wa kamisheni unaoeleweka vizuri ni wa dola 20 ile ya mwaka 1933 ilipouzwa New York mwaka 2002. Nyundo iligonga kwenye dola 6,600,000. Kamisheni ya asilimia 15 ikaongeza 990,000, na serikali ikadai dola 20 za ziada ili sarafu ihesabike rasmi kuwa imetolewa, ikawa dola 7,590,020. Mwaka 2021 sarafu hiyohiyo iliuzwa kwa zaidi ya dola milioni 18.

Hesabu yako iende kinyumenyume. Tuseme hutaki kutumia zaidi ya dola 1,260 kwa jumla, na usafirishaji pamoja na bima ni 60. Zinabaki 1,200. Kamisheni ikiwa asilimia 20, gawanya 1,200 kwa 1.20, upate 1,000. Hiyo ndiyo bei ya juu ya nyundo, yaani dau lako la mwisho kabla ya kamisheni. Kuna ushuru wa forodha au kodi? Vitoe kwanza. Andika tarakimu hiyo kwa wino pembeni ya namba ya fungu, na uiheshimu.

Hatua ya nane: siku ya mnada

Jisajili mapema, kwa kuwa nyumba nyingi huomba kitambulisho na uthibitisho wa uwezo wa kulipa. Ukiacha dau la maandishi, nyumba yenye uaminifu hulitumia kwa kiasi cha kumshinda anayekufuata tu, na madau mawili yakilingana hushinda lililopokewa kwanza. Ndiyo maana napendelea kuliwasilisha siku kadhaa kabla, na kwa kiasi kisicho cha mviringo pale masharti yanaporuhusu.

Ukiwa ukumbini au kwenye skrini, acha dau la kwanza liende na uanze kushiriki wapinzani wakibaki wawili au watatu. Hatua za kupandisha dau mara nyingi ni kati ya asilimia 5 na 10, kwa hiyo "mara moja tu tena" baada ya kikomo si kiasi kidogo. Kikomo kikipitwa, weka kalamu chini. Andika bei iliyofikiwa, maana itakufaa katika hesabu za mnada ujao.

Hatua ya tisa: baada ya kushinda

Lipa ndani ya muda uliotajwa. Sarafu ikifika, ifungue mbele ya kamera, ipime uzito na kipenyo siku hiyohiyo, na uilinganishe na maelezo ya katalogi. Ukiona tofauti, andika barua kwa nyumba ya mnada mara moja, ukiambatanisha picha na vipimo. Usiitoe kwenye kasha wala usiiguse kwa dawa yoyote, kwa sababu madai mengi hukataliwa sarafu ikiwa imebadilishwa hali.

Ihifadhi mahali pakavu, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu. Epuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo baada ya miaka hutoa utando wa kijani unaonata na kula metali. Utando huo ukigunduliwa mapema huondolewa kwa asitoni safi, bila kusugua, na asitoni hiyo isiwe ile iliyochanganywa na manukato ya kutolea rangi ya kucha. Kisha fungua daftari la mkusanyiko na uandike uzito, kipenyo, namba ya fungu, tarehe, bei ya nyundo na gharama zote, ukibandika ankara na ukurasa wa katalogi. Picha za pande zote mbili na za ukingo zihifadhiwe mahali tofauti na sarafu zenyewe.